Maji Hayapandi

Somoe, nakwambia usiku
kwa sababu mchana nina uso wa kutunza.

Miaka ishirini na miwili nimelala na mashine ya bondeni.
Naijua inapokohoa, naijua inapodanganya.
Nikiweka kiganja juu ya bomba najua
kama leo Newala watapata, au watakesha na ndoo.
Lakini huu mwili,
huu niliouosha na kuuvisha tangu utoto,
siku ulipoanza kushuka sikuijua.

Haukutoa mlio.

Kwanza usingizi: naamka nimechoka
kama niliyebebeshwa magunia ndotoni.
Kisha wembe. Zamani kila Ijumaa;
sasa mmoja unamaliza Rajabu na Shaabani.
Kisha hasira isiyo na mwenyewe.
Nimemfokea mtoto kwa ajili ya kijiko.
Kijiko, Somoe.
Tumbo likatangulia, mapaja yakabaki nyuma,
nikateleza ngazi mbili tu za tangi
mkono ukakatika kama kopa la muhogo.

Na lile jingine. Unalijua.
Ulinigeuzia mgongo kwa upole
ili nisihitaji kujitetea.
Upole ule uliniuma kuliko tusi.

Mtaani walikuwa na majibu tayari.
Mpwa wangu alileta unga kwenye karatasi ya daftari:
"Kijiko kimoja, mjomba, utavunja kitanda."
Moyo ukadunda hadi alfajiri
kama pampu inayonyonya hewa.
Kitanda kizima.
Mwingine akamtaja jirani, na fundo lililozikwa kizingitini.
Nikachimba kizingiti.
Nikapata kifuniko cha soda.

Likumbini walitufundisha mengi.
Kutolia. Kutoonyesha kidonda kwa waliobaki nyumbani.
Jina la utoto likateketea pamoja na kibanda,
nikatoka Chilumba, ninang'aa mafuta,
mama akipiga vigelegele kama hanijui.
Hakuna aliyesema
kwamba hiki tulichokabidhiwa huweza kupungua
kama chumvi kikoponi,
pasipo kosa, pasipo mwizi.
Au walijua, wakaficha na wao.

Ndanda walinitoa damu saa moja asubuhi, sijala.
Yule daktari ningeweza kumzaa. Hakucheka.
Alichora nyuma ya bahasha: kichwa, mshale, kokwa mbili.
"Ubongo unapiga simu," akasema,
"huku chini wanachelewa kupokea."
Homoni. Akaandika namba,
na chini yake namba nyingine, ya sukari.
Akanirudisha asubuhi nyingine, damu tena,
maana kipimo kimoja hakimhukumu mtu.
Nikamwambia: daktari, mimi ni mtu wa pampu.
"Basi unajua," akasema.
"Maji yasipopanda, mtu halaumu mlima."

Ndiyo maana naondoka na baiskeli kabla hujaamka.
Ndiyo maana chai yangu imekuwa adhabu.
Habari ya sindano, tutaizungumza baada ya miezi mitatu;
si kila mtu huchomwa, nayo ina madhara yake.
Mifupa inalindwa kwa homoni hiyohiyo, alisema,
na damu, na moyo wa kuamka.
Mimi nilidhani ni jambo la kitandani tu.
Itarudi kiasi gani, hakuniapia.

Nilitaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kisimani.
Kwani jana, zamu ya usiku, nilimwambia Nandonde.
Nilimwambia yote, injini ikinguruma
ili nisiisikie sauti yangu mwenyewe.
Akanyamaza. Akafuta mikono kwa tambara,
kidole kimoja kimoja,
mpaka kikaisha cha mwisho.

"Na wewe," akauliza,
"alikuchorea kwenye bahasha?"